Mkono Uliovunjika: Kutoka Banzi hadi Vyuma

Mkoa wa Tanga una Kwamsisi mbili. Moja ni kata ya mjini Korogwe, mji wenye Hospitali ya Magunga. Nyingine iko mashariki mwa Wilaya ya Handeni, ambako mgonjwa husafiri kwanza hadi Mkata ndipo aipate barabara kuu ya Chalinze na Segera. Mkono ukivunjika, umbali huo una uzito mkubwa.

Kabla ya hospitali walikuwapo waunga mifupa, na bado wapo. Mtaalamu huupapasa mkono, huunyoosha, huukanda kwa dawa, kisha huufunga kwa banzi. Kanuni yake, kwamba mfupa utulizwe mpaka ushike, ni ileile ya hospitali, na wanaombeza mtaalamu huyu hawamtendei haki. Hatari iko kwenye kukaza. Mkono uliovunjika huvimba. Kifungo kisipolegezwa damu hukosa njia, misuli hufa ndani ya saa chache, na vidole hubaki vimejikunja maisha yote. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann alieleza ulemavu huo mwaka 1881, na aliulaumu ukazaji wa bandeji za madaktari wa kwao Ulaya.

Plasta ngumu ya jasi ilikuwa imebuniwa na daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, mwaka 1852. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen akagundua eksirei, na mfupa ukaonekana bila kupasua ngozi.

Huku kwetu, reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, mashamba ya mkonge yakatanda, na mashine za korona, za kuchambua nyuzi zake, zikaja. Mkono ulionaswa na mashine hauvunjiki kama wa mtoto aliyeanguka mwembeni: mfupa husagika, nyama huchanika, uchafu huingia. Banzi haitoshi hapo. Kabla ya antibiotiki, mara nyingi mkono wa namna hiyo ulikatwa ili kuokoa uhai. Leo majeraha ya aina hiyo huletwa zaidi na bodaboda.

Kuunga mfupa kwa vyuma kulipata kanuni thabiti baada ya kundi la madaktari wa Uswisi kuungana mwaka 1958. Nchini mwetu, jina lisilosahaulika ni Profesa Philemon Sarungi, aliyesomea udaktari Hungary na kuwa mmoja wa waanzilishi wa upasuaji wa mifupa Tanzania. KCMC ya Moshi ilifunguliwa mwaka 1971, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Vyuma vina maana kubwa hasa chini ya kiwiko. Kati ya mifupa miwili ya hapo, mmoja huuzunguka mwingine kila tunapogeuza kiganja. Ikiunga ikiwa imepinda, mtu mzima hushindwa kukinga maji ya kunawa. Daktari huipanga upya, huibana kwa bati la chuma na skrubu, na baada ya miezi mitatu au minne mfupa huwa umeshika. Mazoezi ya vidole huanza mapema, siku za mwanzo kabisa.

Huduma hiyo inapaswa kusogea hadi hospitali za wilaya. Kwa sasa, ndugu msomaji, vidole vya mgonjwa wako vikiwa baridi, vikifa ganzi au vikiuma kupita kiasi, legeza kifungo na umpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.