Nani Alitia Rangi Nywele za Kampala?

Ubishi kati ya kupaka rangi nywele nyumbani na kwenda saluni una mahali ulipozaliwa, na mahali hapo si Kampala. Mwaka 1907 mkemia Mfaransa Eugène Schueller alitengeneza rangi ya viwandani na kuwauzia watengeneza nywele wa Paris. Kutokana na biashara hiyo ndogo ikakua L'Oréal. Mwaka 1956 kampuni ya Clairol ya Marekani ikatoa rangi ambayo mtu angeweza kujipaka mwenyewe bafuni kwake, na tangu hapo pande mbili zikawa zinagombea kichwa kimoja. Kurasa za urembo za Afrika Mashariki zimezoea kuuchukua ugomvi huo mzimamzima, kana kwamba kila jiji liliupitia. Kampala haikuupitia. Rangi nyingi iliyoonekana kwenye vichwa vya wanawake wa jiji hilo haikupakwa na mtu, nyumbani wala saluni. Ilifika ikiwa imo ndani ya nyuzi. Na rangi iliyopakwa kweli, ile nyeusi ya kuficha mvi, ina historia nyingine kabisa.

Tuanze na nywele zenyewe. Kabla ya ukoloni Waganda wengi, wanaume kwa wanawake, walinyoa au waliacha nywele fupi sana, na shule za wamisheni zilipofika zikaifanya desturi hiyo kuwa amri. Gayaza, shule ya wasichana iliyoanzishwa na wamisheni wa Kianglikana mwaka 1905, ni mama wa shule nyingi za aina hiyo, na hadi leo msichana wa sekondari Uganda kwa kawaida huenda darasani na kichwa kilichonyolewa karibu na ngozi. Kichwa cha namna hiyo hakina pa kushika rangi. Ususi ulikuja kwa njia za biashara na za vita. Wafanyabiashara kutoka pwani walifika kwenye ikulu ya Kabaka Suna wa Buganda mwaka 1844, wakiongozwa na Ahmed bin Ibrahim. Na mwaka 1891 Lugard, afisa wa kikoloni wa Kiingereza, aliwaleta askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa na gavana Emin Pasha, ndio mababu wa Wanubi wa Bombo na Kampala. Jamii hizi za Kiislamu zilikuwa na hina, zilikuwa na misuko, na zilifanya yote mawili barazani, mkekani, mikononi mwa shangazi na majirani. Lakini hina iliishia zaidi mikononi na miguuni mwa maharusi. Kwenye nywele nyeusi haionekani sana, ila chini ya jua kali.

Saluni kama chumba cha kulipia ilihitaji vitu ambavyo baraza haina: umeme, maji ya bomba, kioo kikubwa na bidhaa za kutoka nje. Umeme wa kutosha ulikuja na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na katika muongo uliofuata uhuru mwanamke wa mjini mwenye mshahara angeweza kununua wigi katika maduka ya katikati ya jiji, mengi yakiwa ya Wahindi. Hapa ndipo serikali ilipojitia kichwani mwa raia, na hili halihitaji kutiwa chumvi. Mwaka 1972 Rais Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi, na Agosti mwaka huohuo akatangaza kuwafukuza Waasia ndani ya siku 90. Mwaka 1974 ikafika zamu ya mawigi, kwa madai kwamba yalitengenezwa na mabeberu kutokana na nywele za watu waliouawa katika vita vya Vietnam. Dai hilo linachekesha leo. Wakati ule mwanamke aliyekutwa na wigi barabarani hakucheka. Maduka yalikwenda kwa waliokuja kuitwa mafuta mingi, ambao wengi hawakujua pa kuagizia mali, na kufikia mwisho wa muongo hata sabuni ilipatikana kwa magendo. Katika hali hiyo nywele zilirudi barazani, kwa uzi mweusi wa kufungia na kwa chanuo la chuma lililopashwa moto kwenye sigiri. Anayesema saluni ni maendeleo yaliyofuata baada ya nyumbani anaisahau miaka hiyo kumi, ambapo mwendo ulikuwa wa kinyume.

Baada ya serikali kubadilika mwaka 1986, na hasa baada ya biashara ya fedha za kigeni kuruhusiwa mwaka 1990, mizigo ya urembo ilianza kupanda kutoka Mombasa kwa wingi hadi Kikuubo, ule uchochoro wa jumla unaolisha nusu ya Uganda. Viwanda vya nyumbani vikafuata: Movit, iliyoanzishwa mwaka 1997, iliuza dawa za kulainisha nywele kwa bei ambayo msichana wa soko la Owino angeimudu. Lakini mzigo uliobadilisha sura ya jiji ulikuwa nyuzi za kusukia. Kampuni ya Kijapani ya Kaneka ilikuwa ikitengeneza nyuzi za Kanekalon tangu 1957, na Afrika ikawa soko lake kubwa la nywele bandia. Nyuzi hizo huuzwa kwa namba: 1 ni nyeusi ti, 2 ni kahawia nzito, 33 ina wekundu wa kahawia, 350 inawaka kama shaba. Mwanamke anayetaka kichwa chekundu kwa kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, hachanganyi kemikali yoyote. Anataja namba dukani, anatia pakiti kwenye mkoba, anakwenda nazo kwenye saluni za Wandegeya au kwa msusi wa mtaani kwake, na baada ya wiki sita anazifumua. Nywele zake ziko vilevile. Saluni hapa inauza mikono na kiti. Rangi ameileta mteja.

Mtu atapinga: mbona kanta inauzwa kila duka? Kweli, ile poda nyeusi ya pakiti ndogo, inayokorogwa kwa maji kidogo, ni rangi halisi, na hapo swali la nyumbani au saluni lingepaswa kuwa na maana. Ila tazama inamhusu nani. Wateja wake wakubwa ni watu wenye mvi, wakiwemo wanaume wengi wanaopakwa na kinyozi baada ya kunyolewa, na wengine hujipaka usiku chooni kwa sababu lengo lote ni kwamba asijue mtu. Hoja ya kwamba saluni ni salama zaidi inastahili kujibiwa kwa uzito, maana poda nyingi za namna hii zina parafenilinidiamini, kemikali inayoweza kuvimbisha uso na kope za mwenye mzio, na ikimezwa huvimbisha koo na kuharibu figo. Hospitali za Khartoum zimeandika habari zake kwa miaka mingi. Ulaya imeiwekea kikomo cha asilimia 2 katika rangi iliyo tayari kupakwa. Ndiyo kemikali hiyohiyo inayotiwa kwenye piko, rangi nyeusi ya kuchorea ngozi ya maharusi wa pwani. Lakini usalama wa saluni hutokana na kufanya jaribio kwenye ngozi siku mbili kabla, na kinyozi wa Kampala, ambaye mteja wake anasubiriwa na bodaboda nje, hafanyi hivyo. Pakiti ni ileile, na mikono isiyo na glavu ni ileile. Tofauti iliyobaki ni kwamba kinyozi huigusa kemikali kila siku, na mteja mara moja kwa mwezi.

Pingamizi zito zaidi linatoka mitaa ya Kololo na Ntinda, kwenye saluni zenye wataalamu wa kufifisha rangi ya asili na kupaka nyingine juu yake, kwa vijana walioacha dawa za kulainisha. Hao wapo, na wanaongezeka. Kwao ubishi wa Paris na Marekani umeanza kuwa wa kweli, kwani kemikali ya kufifisha ikikosewa nywele hukatika. Wao hata hivyo ni sehemu ndogo ya jiji. Kipimo kizuri cha jiji lote ni mwaka 2020, saluni zilipofungwa kwa amri tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Julai. Ulaya na Marekani rangi za boksi ziliuzwa kwa kasi, kwa sababu huko saluni ilikuwa imeshikilia rangi. Kampala wasusi waliingia majumbani na mikoba yao, wakasuka namba zilezile vibarazani, na wanaume wenye mvi wakarudi chooni kwao.

Kumbukumbu za serikali hazitaonyesha hayo. Leseni ya biashara Uganda, tangu sheria ya 1969, hutolewa kwa jengo ambamo biashara inafanyika, na mamlaka ya jiji hutoza kwa msingi huo. Msusi asiye na chumba hahesabiwi, hata kama amesuka kwa miaka 30. Kwa hiyo anayeiandika historia ya ufundi huu kwa kufuata madaftari ya leseni ataona saluni zikizaliwa, zikifa mwaka 1972, na kufufuka baada ya 1990, na atadhani wasusi nao walipotea katikati.