Wangu na Wako

Kwa Kihawaii, kuku ni moa. Kitu kilichoiva jikoni ni moʻa. Kwenye karatasi kinachoyatenganisha maneno hayo ni kialama kama koma iliyopinduliwa. Mdomoni ni kitendo cha kuziba koo kwa muda mfupi mno kisha kulifungua. Sauti hiyo hata sisi tunaitoa, ila hatuna desturi ya kuiandika: mwambie mtoto ale mboga asiyoipenda, umsikie akijibu "aa-aa". Pale katikati, pumzi inapokatika, ndipo ilipo. Wahawaii wanaiita ʻokina, jina linalotokana na neno lao la kukata, na kwao ni konsonanti kamili kama k au m.

Nilikutana nayo kwenye semina ya tahajia katika masomo yangu ya uzamili, nikadhani ni habari ya nukta na vituo. Kumbe ni habari ya nani aliandikiwa nini.

Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka New England walifika visiwani mwaka 1820. Januari 1822 mtambo wao ulichapa Honolulu kitabu cha kwanza, kurasa 16 za kufundishia kusoma. Kilichowasumbua wakati huo ni herufi kuzidi. Sikio moja lilisikia t, jingine k. Huyu aliandika r, yule l. Mfalme yuleyule alikuwa Tamehameha na Kamehameha. Mwaka 1826 wakaamua kupiga kura, herufi kwa herufi, kama wajumbe wa mkutano. T ikatoka, r ikatoka, b nayo ikatoka. Zikabaki irabu 5 na konsonanti 7.

ʻOkina haikuwamo. Wala si kwamba hawakuisikia, kwa maana tayari mwaka 1823 walikuwa wakitia ritifaa hapa na pale. Na katika Biblia ya Kihawaii, iliyokamilika mwaka 1839, waliitumia kutofautisha maneno mawili: kou, yaani wako, na koʻu, yaani wangu. Bila alama hiyo, "Mungu wangu" na "Mungu wako" yangeandikwa sawasawa. Hapo alama ikapatikana haraka. Kuku na chakula kilichoiva wakaachwa wajitegemee.

Hata hivyo siwezi kuwalaumu mno. Wahawaii wenyewe walijifunza kusoma kwa wingi, na kuanzia mwaka 1834, gazeti la Ka Lama Hawaii lilipotoka Lahainaluna, waliandika magazeti ya lugha yao kwa zaidi ya miaka 100, kwa kawaida bila kujali ʻokina. Aliyezaliwa ndani ya lugha hahitaji kuonyeshwa. Mababu wa pwani yetu walisoma tenzi katika hati za Kiarabu ambazo mara nyingi hazikutenganisha e na i, wala o na u, na hakuna aliyekwama. Walikuwa na masikio yao.

Mambo yaliharibika pale wasomaji walipopoteza masikio hayo. Mwaka 1893 Malkia Liliʻuokalani alipinduliwa. Mwaka 1896 sheria ya waliompindua ikaifanya Kiingereza lugha ya kufundishia shuleni, na watoto wakaadhibiwa kwa kusema Kihawaii. Vizazi vichache baadaye, mjukuu anafungua gazeti la mababu zake, anaweza kulitamka herufi kwa herufi, lakini akifika kwenye kou anakwama. Ardhi hii inayotajwa ni yangu au yako? Kwa watu walionyang'anywa nchi, hilo si swali la sarufi.

Mwaka 1957 Mary Kawena Pukui na Samuel Elbert walichapisha kamusi iliyoweka ʻokina, pamoja na kistari juu ya irabu ndefu, kila panapostahili. Mwaka 1978 katiba ya jimbo ikaifanya Kihawaii lugha rasmi, na mwaka 1984 ikafunguliwa shule ya kwanza ya awali ya Pūnana Leo. Kwa mtoto ambaye nyumbani anasikia Kiingereza tu, ʻokina hufanya kazi ya bibi ambaye hayupo. Wapo wanaosita kuitia kwenye maandishi ya kale, wakisema mhariri anapoiweka anachagua maana moja mahali ambapo mtunzi huenda alikusudia mbili. Washairi wa Kihawaii wanapenda mafumbo kama wetu. Mimi naona hoja hiyo ina uzito, ila ni hoja ya anayeweza kuzisoma maana zote mbili.

Kiswahili nacho kina ritifaa yake, ya ng', ingawa sauti ile hutoka puani. Ndiyo inayotenganisha kung'oa jino na kulia ngoa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wataalamu walioko London walipendekeza ŋ kwa lugha za Afrika. Kiswahili kikabaki na ritifaa, ambayo taipureta yoyote ilikuwa nayo. Urahisi huo naulipia mimi. Jina la ukoo wetu linaanza na Ng', na mfumo mmoja wa usajili uliniambia lina "herufi zisizoruhusiwa". Kwa kompyuta, ritifaa ni mwisho wa nukuu, si sehemu ya jina la mtu.

Wahawaii walilitatua hili kwa upande wao: katika Unicode ʻokina ina nafasi yake, U+02BB, na imeorodheshwa kama herufi. Lakini ukiichapa kwa ritifaa ya kawaida katikati ya neno, programu nyingi huigeuza ielekee upande usio wake. Na chuo kikuu cha huko hujiandika Hawaiʻi, wakati sheria iliyoyaingiza visiwa hivyo Marekani kama jimbo mwaka 1959 inasema Hawaii.