Asili ya Neno Broligaki

Tarehe 20 Januari 2025 Donald Trump aliapishwa kwa mara ya pili kuwa Rais wa Marekani. Kwa sababu ya baridi kali iliyoushika mji wa Washington siku hiyo, sherehe iliondolewa uwanjani ikaingizwa ndani ya jengo la Bunge, chini ya kuba lake, mahali pasipotosha hata robo ya wageni walioalikwa. Wageni wengi wa heshima iliwapasa kuitazama sherehe wakiwa katika ukumbi mwingine. Elon Musk, Jeff Bezos, Mark Zuckerberg na Sundar Pichai hawakuwa miongoni mwa hao. Wao walikuwa chini ya kuba, karibu na jamaa ya Rais, mbele ya watu walioteuliwa kuwa mawaziri wake. Picha ya safu ile ilienea duniani kwa muda wa saa chache, na neno lililokuwa likijulikana na wasomaji wachache wa magazeti likapata nyuso za kubandikwa. Kwa Kiingereza neno hilo huandikwa broligarch. Kwa matamshi ya Kiswahili ni broligaki, na wakiwa wengi, mabroligaki.

Neno hili ni chotara. Nusu yake ya kwanza ni bro, yaani ndugu au kaka, kama vijana wanavyoitana barabarani. Nusu ya pili ni oligaki, mmoja wa wachache wanaotawala kwa nguvu ya mali. Aliyelivumisha kuliko wengine ni Carole Cadwalladr, mwandishi wa habari wa Uingereza, ambaye mwaka 2018 alijulikana sana kwa kufichua jinsi kampuni ya Cambridge Analytica ilivyotumia habari za watu zilizotoka Facebook. Mwaka 2024 alilitumia katika gazeti la The Observer juu ya matajiri wa teknolojia waliokuwa wakijipanga nyuma ya Trump. Mwaka uliofuata kamusi ya Collins ililiweka jina la utawala wao, broligarchy, katika orodha yake ya maneno mashuhuri ya mwaka 2025. Safari ya kutoka makala ya gazeti hadi mikononi mwa watunga kamusi ilikuwa fupi. Lakini kila nusu ya neno hili ilikuwa na safari yake kabla ya hapo, na safari hizo hazifanani hata kidogo.

Oligaki ni neno la Kiyunani: oligoi ni wachache, na arkhein ni kutawala. Athene ilipatwa na utawala wa namna hiyo mara mbili katika muda wa miaka saba. Mwaka 411 kabla ya Kristo watu 400 waliishika serikali. Na mwaka 404, baada ya kushindwa vitani na Sparta, watu 30 walitawala kwa miezi michache tu, wakaua raia wengi na kutwaa mali zao. Aristotle, aliyeandika baadaye katika mji huo huo, aliliuliza jina hili swali ambalo wengi wangelipita. Tuseme pana mji ambamo matajiri ni wengi na maskini ni wachache, na hao matajiri ndio watawala. Je, utawala wao uitweje? Alijibu kwamba ni ule ule, kwa sababu tofauti ya kweli iko katika mali na ufukara. Uchache wa watawala ni jambo la bahati tu, maana kila mahali matajiri huwa wachache. Utawala huo, kwa maoni yake, ni uharibifu wa utawala wa walio bora, kwani wenye mali hutazama faida yao wenyewe. Basi neno lilizaliwa likiwa na lawama ndani yake, na lawama yenyewe ilikuwa na maana iliyopimwa.

Kwa karne nyingi neno hili lilikaa vitabuni, aghalabu likitaja aina ya serikali. Urusi ndiyo iliyolishusha likawa jina la mtu anayeonekana akishuka garini. Mwaka 1995 serikali ya Boris Yeltsin ilikuwa haina fedha. Ikakopa kwa mabenki na kuweka rehani hisa za kampuni kubwa za taifa, za mafuta na madini. Deni halikulipwa. Mabenki yakasimamia minada ya hisa zile, na washindi wakawa mabenki yenyewe au washirika wake. Hivyo ndivyo Yukos ilivyoingia mikononi mwa Mikhail Khodorkovsky, na Norilsk Nickel mikononi mwa Vladimir Potanin, kwa bei iliyokuwa chini mno ya thamani yake. Mwaka 1996 Boris Berezovsky aliliambia gazeti la Financial Times kwamba yeye na wenzake sita walikuwa wameshika karibu nusu ya uchumi wa nchi. Warusi wakawapa jina la kejeli, utawala wa mabenki saba, kwa mfano wa wakuu saba walioishika Moscow mwaka 1610 na kuwafungulia Wapolandi malango. Mwisho wao ulikuwa mbalimbali. Khodorkovsky alikamatwa mwaka 2003 akafungwa miaka kumi. Berezovsky alikimbilia Uingereza akafia huko mwaka 2013. Potanin aliendelea na utajiri wake. Dola lilikuwa limeonyesha ni nani bwana wa mwenzake.

Nusu ya kwanza ilitoka kwa watu wanyonge. Kulifupisha neno brother kwa herufi tatu ni desturi ya zamani katika maandishi ya Kiingereza, lakini kumwita mwenzio bro kwa kinywa kulipata utamu wake kwa Wamarekani weusi, ambao walikuwa wakiitana ndugu makanisani na katika harakati za kudai haki zao. Vijana wazungu wa vyuo vikuu walilichukua. Huko vyuoni kulikuwa na vyama vya siri vya wanafunzi wanaume, vyenye viapo na majina ya herufi za Kiyunani, na wanachama wake walikuwa wakiitana ndugu tangu kale. Neno likabadilika tabia: likawa jina la kijana mwenye kelele na kujiamini, ambaye milango humfungukia kabla hajabisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ujuzi wa kutunga programu ulipoanza kuleta utajiri wa ghafula California, kijana huyo alihamia huko, na akatungiwa jina la tech bro, ndugu wa teknolojia.

Wapo wanaodhani kwamba nusu hii ya neno ni mzaha mtupu, na kwamba mzaha huo unaipunguza makali lawama ya Aristotle. Hoja yao si dhaifu. Mtu akiitwa bro amevishwa fulana na viatu vya mpira; ni vigumu kumwogopa mtu wa namna hiyo, na asiyeogopwa hachungwi. Walakini ukitazama jinsi nguvu ilivyopatikana utaona kwamba nusu ya mzaha ndiyo yenye habari nyingi zaidi. Kampuni ya PayPal iliuzwa kwa eBay mwaka 2002 kwa dola bilioni 1.5, na waliotajirika kwa mauzo hayo waliendelea kupeana mitaji na kuajiriana. Peter Thiel alikuwa mmoja wao. Mwaka 2004 aliweka dola 500,000 katika Facebook ilipokuwa changa. Musk alikuwa mwingine. David Sacks, aliyeteuliwa Desemba 2024 kuwa mshauri wa Rais katika mambo ya akili mnemba na sarafu za kidijitali, naye alitoka hapo. J. D. Vance, aliyeapishwa kuwa Makamu wa Rais siku ile ile chini ya kuba, aliwahi kufanya kazi katika kampuni ya Thiel, na Thiel ndiye aliyemchangia mamilioni ya dola alipogombea useneti mwaka 2022. Mwaka 2007 jarida la Fortune lilikuwa limekwisha wapiga picha baadhi ya watu hawa wakiwa wamevaa kama majambazi wa senema, likawaita Mafia wa PayPal. Wao wenyewe walicheka. Si wote waliofuata njia moja, kwani Reid Hoffman wa kundi hilo hilo alikuwa mpinzani mkubwa wa Trump. Lakini mfumo ni wa udugu, na udugu wenyewe hauna katiba inayoweza kusomwa.

Msomaji wa Kiswahili halioni jambo hili kuwa geni. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, watu wa Afrika Mashariki walitazama magari ya Mercedes-Benz yakipita, wakawatungia waliomo jina la kabila: kama walivyo Wahehe na Wakamba, basi hawa ni Wabenzi. Nalo lilikuwa jina la utani. Lakini Tanzania utani huo ulipata jibu la sheria. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwakataza viongozi wa TANU na Serikali kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Viongozi hao hao waliitwa ndugu, na aliyewapigia kura aliitwa ndugu pia. Miiko ile ililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Hata hivyo wakati ule neno la udugu lilikuwa la kumtaka aliye juu atoe hesabu kwa aliye chini, ilhali bro la California huishia mlangoni mwa wachache wanaojuana.

Magazeti ya Kiswahili bado huwaita watu hawa matajiri wa teknolojia, jina linalotaja mali bila kutaja utawala. Kwa kipimo cha Aristotle limeacha nusu ya habari. Mabwanyenye wa teknolojia lingekaribia zaidi, ingawa linanuka siasa za miaka ya 1970 na vijana wa leo huenda wakalicheka. Haja ya jina si ya Wamarekani peke yao. Mjini Nairobi watu waliajiriwa kuchuja picha na maandishi ya Facebook, wakitazama mauaji na mateso mchana kutwa ili wengine wasiyaone, na mwaka 2023 zaidi ya 180 kati yao walikwenda mahakamani. Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilijitetea kwamba haina makazi Kenya, na kwa hiyo mahakama za nchi hiyo hazina uwezo juu yake. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliikataa hoja hiyo, ikaamua kwamba kampuni yaweza kushtakiwa huko.