Mbele na Nyuma ya Picha

Malindi tunayoizungumza hapa si mji ule wa pwani ya Kenya alikotia nanga Vasco da Gama mwaka 1498, bali ni Malindi ya milimani, wilayani Lushoto, katika Usambara Magharibi. Msafiri hupanda kutoka Mombo, akapita Soni na Lushoto yenyewe, akauvuka msitu wa Magamba, ndipo akaifikia nchi ya mboga na viazi iliyo kwenye njia ya kwenda Mtae. Asubuhi, kabla ukungu haujainuka, mtu asimamaye ukingoni huuona mgongo wa kwanza wa mlima ukiwa mweusi kwa miti yake, wa pili ukiwa kijani kilichofifia, wa tatu samawati, na wa mwisho karibu rangi moja na mbingu. Hapana mwalimu aliyemwambia kwamba uliofifia ndio ulio mbali. Hewa iliyo kati ya jicho na mlima hutawanya nuru, na kadiri hewa inavyozidi ndivyo rangi ya mlima inavyopotea. Wasambaa, ambao lugha yao yenyewe huitenga nchi ya juu, Shambaai, na nyika iliyo chini yake, wameishi kwa kuupima umbali kwa macho: mvua iko mgongo wa ngapi, na moshi ule unatoka ng'ambo ya bonde lipi.

Basi yastaajabisha kwamba jambo hili, ambalo kila mtoto wa mlimani hulijua, lilipata kufanywa hoja ya kumdunisha Mwafrika. Na kwamba katika miaka yetu hii hii, mashine imelazimika kufundishwa jambo hilo kwa mamilioni ya picha. Historia ya mambo hayo mawili huanza, kwa upande wetu, katika milima hiyo hiyo ya Usambara.

Upande wa kusini wa milima, juu ya Korogwe, pana Vugiri. Hapo ndipo lilipowekwa mwaka 1935 makao ya mpango uliojulikana kama Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Baraza la Kimataifa la Misioni liliusimamia, na fedha nyingi zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Mwenye kushika kamera alikuwa Meja L. A. Notcutt, ambaye mwaka 1926, alipokuwa meneja wa mashamba ya mkonge, alikwisha kujaribu sinema kama njia ya kuwatuliza vibarua wasiyakimbie mashamba. Mwenziwe alikuwa G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya wenyeji huko Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35, za upana wa milimita 16, na sauti zake ziliwekwa kando katika santuri ili mkanda mmoja uweze kusemeshwa kwa Kiswahili, Kisukuma, Kikuyu, Kiganda, Kinyanja na lugha nyinginezo. Projekta ilichukuliwa kwa gari ikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Filamu zenyewe zilikuwa za mawaidha. Moja ilionyesha mkulima anayezika fedha zake akaibiwa, na mwenziwe mwenye busara anayeziweka katika benki ya posta. Hatuna haja ya kuzicheka. Mikopo, safura na mmomonyoko wa udongo yalikuwa mambo ya kweli. La kuangaliwa ni namna zilivyopigwa. Watengenezaji waliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika yampasa kuonyeshwa jambo moja kwa wakati mmoja, polepole, pasipo hila ya kamera. Imani hiyo ilikuja kuwa sheria mikononi mwa William Sellers, bwana afya wa Nigeria aliyekabidhiwa Idara ya Filamu za Makoloni ilipoundwa London mwaka 1939. Picha isipachikwe juu ya picha, wakati usirukwe, mtu asionekane ghafula mahali asipotembea. Kwa ufupi, Mwafrika apewe picha yenye tabaka moja.

Wakubwa wa filamu hizo walipenda kusimulia kisa cha kuku. Walionyesha filamu ya usafi kijijini. Walipowauliza wanakijiji wameona nini, wakajibu kwamba wameona kuku. Mabwana wenyewe hawakujua kama mlikuwa na kuku, mpaka walipoutazama mkanda tena na kumkuta akikatiza pembeni kwa muda mfupi. Kisa kikawa ushahidi wa uzito wa akili za watazamaji. Kwangu mimi chathibitisha kinyume: kati ya waliokuwapo, ni wanakijiji tu waliokuwa wameitazama picha mpaka kingoni mwake.

Sayansi nayo ikaja kuitia muhuri dhana hiyo. Mwaka 1960 mtaalamu wa Afrika ya Kusini, William Hudson, alitangaza matokeo ya jaribio lake la michoro. Mwindaji ameinua mkuki. Karibu naye yuko paa. Kati yao, mbali juu ya kilima, yuko tembo aliyechorwa mdogo. Aliulizwa mtu: yupi aliye karibu zaidi na mwindaji? Aliyejibu tembo aliandikwa kwamba hauoni umbali ndani ya picha, na wafanyakazi wengi wa Kiafrika waliandikwa hivyo. Lakini mchoro ule ulikuwa wa mistari mitupu: hauna ukungu, hauna majani yanayozidi kusongamana kadiri yanavyokwenda mbali, hauna rangi inayofifia. Mwenye kuzoea kusoma umbali katika hewa ya Usambara alinyimwa hewa, kisha akalaumiwa kwa kutosoma. Mwaka 1974 Gustav Jahoda na Harry McGurk, waliowapima watoto wa Ghana na wa Scotland kwa njia nyingine, walionyesha kwamba kasoro kubwa ilikuwa katika jaribio lenyewe.

Wakati huo watazamaji wa Vugiri walipokuwa wakikingwa na hila, Ulaya na Marekani zilikuwa zikizitajirikia. Mwaka 1937, mwaka ule ule jaribio la Vugiri lilipofungwa, Walt Disney alianza kutumia kamera yenye ngazi za vioo: juu ya kioo kimoja miti ya karibu, chini yake nyumba, chini zaidi milima na mwezi. Vioo vya karibu viliposogezwa haraka na vya mbali polepole, mtazamaji alihisi anaingia ndani ya msitu. Abiria wa basi la Soni aijua kanuni hiyo bila vioo: miti ya kando ya njia hukimbia, mgongo wa ng'ambo ya bonde hutembea, na mwezi hufuatana na basi.

Katika filamu za watu halisi, kupanga tabaka kulikuwa kazi ngumu zaidi. Ili kumpitisha mtu nyuma ya mti ambao hakuwa nyuma yake, ilibidi umbo la mti likatwe, picha baada ya picha. Sekunde moja ya video ina picha 25; sekunde kumi zina 250, na kila moja yataka ukingo wake uchorwe kwa mkono. Njia ya pili ilikuwa kumsimamisha mwigizaji mbele ya kitambaa cha kijani, kisha kukiondoa kijani chote. Lakini nani atatandika kitambaa nyuma ya msitu wa Magamba?

Taifa letu lilipopata uhuru liliunda vyombo vyake vya filamu, likiwamo Shirika la Filamu Tanzania la mwaka 1968, na vyombo hivyo vilikuwa na shida za vifaa kuliko za mawazo. Mapinduzi ya hila yalikuja kwa njia isiyotazamiwa, pamoja na video na kompyuta ndogo, katika filamu za Dar es Salaam zilizouzwa mitaani kwa kanda na kwa diski. Katika filamu kama Shumileta ya Mussa Banzi, ya mwaka 2005, viumbe wa kijini walipewa nafasi katika hadithi za mjini. Wasomi wengine walizibeza hila za filamu za namna hiyo kuwa ni za kitoto. Hawakukumbuka kwamba mwongozaji alikuwa akilifuta, kwa vifaa duni, katazo la Sellers: mtazamaji wa Kitanzania alielewa mara moja kwamba jini yuko hapo na hayuko, na akalipa fedha ili aone.

Ndipo tunapofika kwenye ramani ya kina. Kina hapa si kina cha kisima, bali ni umbali wa kila nukta ya picha kutoka kamera. Mashine yenye akili mnemba hupewa picha moja ya kawaida nayo hutoa picha ya pili, ya kijivu: vilivyo karibu huwa vyeupe, vya mbali vyeusi, na vya katikati hupangwa kati yake. Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya Intel na wenzao wa Ulaya walitoa mashine ya namna hiyo iitwayo MiDaS, iliyofunzwa, pamoja na vitu vingine, kwa sinema zilizopigwa kwa lenzi mbili. Yaani sinema yenyewe ikawa mwalimu wa umbali. Mwaka 2024 ikaja Depth Anything, iliyofunzwa kwa picha milioni 1.5 zenye vipimo na nyingine kama milioni 62 zisizo na vipimo. Kati ya miaka hiyo, mwaka 2022, programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve ilikwisha kupata chombo cha kazi hiyo.

Kazi yake katika kupanga tabaka ni nyepesi kueleza. Mhariri anapotaka kumweka mtu kati ya mgongo wa kwanza na wa pili wa Malindi, humpa mtu huyo namba ya umbali. Programu hulinganisha nukta kwa nukta: iliyo karibu huifunika iliyo mbali. Miti ya mbele itamkinga, milima ya nyuma itakingwa naye, wala hapana aliyekata ukingo kwa mkono. Ukungu nao waweza kuongezwa au kupunguzwa kwa kuifuata ramani.

Lakini milima ya Malindi huijaribu mashine kwa ukali. Ramani ikihifadhiwa kwa ngazi 256 tu, mteremko laini wa ukungu hugeuka matuta kama ya shamba la mlimani. Yafaa ihifadhiwe kwa ngazi 65,536. Ukingo wa jani la mgomba lililochanika ni taabu nyingine, kwa maana nukta moja hubeba jani na mlima kwa pamoja, nayo mashine hulazimika kuchagua. Moshi wa jikoni hauna umbali mmoja. Tena, ikiwa kila picha imepimwa peke yake, ramani huchezacheza kama mwanga wa kibatari, na mtu aliyepachikwa huonekana akizama na kuibuka. Na mara nyingi namba zenyewe si mita. Hueleza nani yuko mbele ya nani, hazielezi hatua ngapi.

Kasoro moja ya mashine hizi yanifurahisha kuliko zote. Ibandike ukutani picha kubwa ya mlima, uielekeze kamera hapo: mara nyingi mashine huiandika karatasi ile kama dirisha, ikauona mlima uko mbali. Hudson aliwahukumu watu kwa kuona karatasi mahali alipotaka waone umbali. Mashine yaona umbali mahali penye karatasi, na hapana aliyeipima akili kwa sababu hiyo. Imeandikwa tu kwamba yahitaji mafunzo zaidi.

Katika filamu 35 za Vugiri, tatu zimehifadhiwa Uingereza: ya safura, ya mafunzo ya mifugo, na ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira, Morogoro, zote za mwaka 1936. Filamu kama hizo ndizo zitakazotamaniwa na wenye chombo kipya, maana ni chache na nyuso zake haziwezi kupigwa tena. Sioni ubaya kuzipa kina zionekane vizuri zaidi, mradi mkanda wa asili usiguswe, ramani ihifadhiwe kama faili la pembeni, na kila tabaka iliyoongezwa iandikwe tarehe na jina la aliyeiongeza. Nyaraka zetu za picha hazijawa na desturi hiyo kwa ukamilifu, na chombo hakitaingoja. Mkulima wa Kingolwira akiondolewa shambani mwake akasimamishwa ukingoni Malindi, ukungu ukipita mbele ya miguu yake na milima ikifuatana nyuma ya bega lake, jicho la mjukuu wake halitaona mshono. Ni karatasi ya maelezo tu, iliyofungwa pamoja na mkanda, itakayomwambia kwamba mzee alipigwa picha Morogoro.