Kijiji cha Rika Majini

Mtu wa Mbeya au Iringa anayekaribia kustaafu hununua saruji. Aliyejipanga mapema zaidi alikwisha kupanda paina huko Mufindi miaka kumi na tano au ishirini nyuma, na sasa anahesabu mbao zikiwa bado zimesimama shambani. Sheria inamruhusu kuacha utumishi kwa hiari akiwa na miaka 55 na inamtoa kwa lazima akifika 60. Katikati ya miaka hiyo kuna nyumba ya kupaua, kisima cha kuchimba, pengine ng'ombe wawili wa maziwa. Boti haimo kwenye hesabu hiyo. Ndiyo maana kisa cha Paul na Rachel Chandler kilinichukua muda kukielewa, na kilichonishinda ni sehemu yake ya mwanzo, ile ambayo magazeti yaliipita haraka.

Chandler na mkewe ni Waingereza. Mume alikuwa mhandisi, mke mchumi. Waliacha kazi mapema kuliko wenzao, wakaitengeneza boti yao ya matanga, Lynn Rival, yenye urefu wa futi 38, iwe makazi yao. Futi 38 hazifiki mita 12. Ondoa ncha ya mbele na sehemu ya nyuma anakokaa mshika usukani, kinachobaki ndani kinalingana na sebule ya nyumba ya kawaida ya mwalimu pale Uyole: humo ndimo jiko, kitanda, choo, meza ya ramani na injini. Oktoba 2009 walikuwa wakitoka Shelisheli kuja Tanga.

Boti ya kuishi inaandaliwa tofauti na boti ya kuvulia au ya mizigo. Fundi wa jahazi wa pwani yetu hushindilia pamba iliyolowa mafuta katika maungio ya mbao, ndiyo kalafati, kisha hupaka shahamu na chokaa sehemu ya chini ili wadudu wa baharini wasitoboe. Boti ya faiba haihitaji kalafati, lakini nayo lazima ipandishwe nchi kavu kila baada ya muda, ikwanguliwe na kupakwa rangi. Juu ya hayo mwenye kuishi humo anapaswa kufikiri kama mtu asiye na duka jirani: matangi ya maji, umeme wa jua, matanga ya akiba, pampu ya akiba, vichujio vya dizeli, dawa za meno na za tumbo, chakula cha wiki kadhaa kilichopangwa kwa namna ambayo mawimbi hayatakimwaga. Wawili wanapaswa kugawana usiku pia, mmoja akilala mwingine yuko zamu. Nadhani hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na haliuzwi dukani.

Halafu kuna upepo. Kila mtoto wa pwani anajua kuwa kaskazi huleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi kuanzia mwishoni mwa mwaka, na kusi huvirudisha. Katikati kuna tangambili, majira ya pepo zisizo na msimamo, bahari ikiwa imetulia. Oktoba iko karibu na hapo. Kwa watu wawili katika chombo kidogo ni wakati mzuri wa kuvuka. Tatizo ni kwamba maharamia wa Kisomali walikuwa wakiisoma kalenda hiyohiyo. Boti zao ndogo za injini haziwezi kufanya kazi bahari ikichafuka, kwa hiyo mashambulizi yalipungua pepo za msimu zilipokaza na kuongezeka zilipolegea.

Usiku wa kuamkia 23 Oktoba 2009 Rachel alikuwa zamu na Paul amelala. Watu wenye bunduki wakapanda botini. Meli ya Uingereza, Wave Knight, ilifika karibu kiasi cha kuwaona wakihamishiwa kwenye meli nyingine iliyotekwa, lakini haikufyatua risasi kwa kuhofia maisha yao. Lynn Rival ikaachwa ikielea tupu. Walishikiliwa bara Somalia siku 388, hadi 14 Novemba 2010. Kwa muda walitenganishwa, na walipokataa kuachana walipigwa. Watu waliochagua kuishi wawili tu ndani ya mita 12 kwa miaka waliumizwa zaidi pale walipowekwa mbalimbali, na hao waliowashikilia walilijua hilo.

Wengi waliosikia habari hii walisema jambo moja: wazee hao walitafuta nini baharini? Kwetu swali hilo huja na jibu lake ndani, kwamba mstaafu mahali pake ni nyumbani, atulie. Tunalisema kana kwamba tulirithi kwa mababu. Historia ya Rungwe inasema vingine.

Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, nao pia mume na mke walioacha kwao, na mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu, Good Company, kuhusu vijiji vya rika. Mvulana wa Kinyakyusa alipofika miaka kumi hivi aliacha kulala kwa wazazi, akajenga vibanda na wenzake wa umri wake pembeni. Baadaye walioa wakabaki pamoja, na kibanda cha mchezo kikawa kijiji. Mara moja katika kizazi ilifanyika sherehe ya ubusoka. Mioto yote ilizimwa, mpya ukapekechwa kwa vijiti, na utawala ukatoka kwa akina baba kwenda kwa watoto wao. Wazee walisogea. Waliachia ardhi, wakahamia pembeni wapishe vijana. Chifu mzee hakutarajiwa kuishi muda mrefu baada ya hapo. Kustaafu kulikuwa kuhama, tena kuhama pamoja na rika lako.

Neno ambalo Wilson alilitilia uzito ni ukwangala, ile raha ya kukaa na wenzio wa rika, mazungumzo na pombe na chakula cha pamoja. Kwa Wanyakyusa aliowaandika, mtu asiyekuwa nayo alikuwa na walakini, hata awe na ng'ombe wangapi.

Tazama sasa bandari wanakotia nanga hao wastaafu wa boti, Victoria kule Shelisheli au Raskazone pale Tanga ambapo pana klabu yao. Wengi wana umri unaokaribiana, kila mume na mke na chombo chao, jioni wanavuka kwa vihori kwenda kunywa kwa jirani, asubuhi wanasalimiana redioni na kupeana habari za hali ya hewa na bei ya dizeli. Wameacha nyumba kwa vijana wakajenga pembeni. Mzee wa Rungwe wa 1935 angekitambua kijiji hicho kwa urahisi kuliko sisi. Kasoro yake ni kwamba kinavunjika kila nanga inapong'olewa, na kati ya bandari na bandari hakuna jirani wa kumwita.

Kilichotufunga sisi kwenye saruji ni kitu kipya zaidi: mshahara na pensheni. Waliotoka hapa kwenda kwenye dhahabu ya Lupa au migodi ya kusini walirudi na fedha, na nyumba ya bati ikawa ushahidi kwamba hawakupotea bure. Mtumishi wa umma ameurithi ushahidi huo. Ndiyo maana vita vya kikokotoo vilikuwa vikali hivyo. Mwaka 2018, mifuko ilipounganishwa, mkupuo wa waliokuwa wakipata asilimia 50 ulishushwa hadi 25. Desemba Rais Magufuli akausimamisha mpango huo. Julai 2022 ikawa 33, na 2024 wakaongezewa hadi 40. Waliotetea mkupuo mdogo walisema wastaafu humaliza kiinua mgongo haraka wakabaki maskini, afadhali walipwe mwezi kwa mwezi. Inawezekana. Lakini hoja hiyo inamwona mstaafu kama mtu wa kulishwa, wakati yeye anaona bado ana jambo moja kubwa la kuanzisha, na jambo hilo halijengwi kwa malipo ya mwezi. Wala haijalishi kama ni ekari tano za paina au mlingoti.

Lynn Rival ilirudishwa Uingereza melini. Wenyewe walipoachiliwa waliifuata, wakaifanyia matengenezo upya, na Septemba 2012, ndani ya miaka miwili tangu watoke Somalia, waling'oa nanga Dartmouth wakaondoka tena, wawili.