Kifungo cha Maisha kama Huruma: Historia ya Adhabu Isiyo na Ukomo kutoka Ngorongoro na Karatu hadi Kisongo

Barabara itokayo Arusha kwenda Karatu na Ngorongoro hupita Kisongo, lilipo gereza kuu la mkoa. Kando ya barabara hiyo hiyo, katika majengo ya TANAPA, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliendesha shughuli zake kwa miaka mingi. Ndani ya eneo la gereza lenyewe Umoja wa Mataifa uliweka kituo cha mahabusu kwa ajili ya watuhumiwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Kwa hiyo mtu aliyetoka Loliondo au Mang'ola akafungwa maisha Kisongo aliishi jirani na mifumo miwili ya sheria ambayo iliutazama muda wake kwa namna tofauti kabisa na mfumo uliomfunga. Hoja ya makala hii ni kwamba kifungo cha maisha nchini Tanzania kilikua kwa jina la huruma, kama mbadala wa kitanzi, na kwa sababu hiyo hakikupata uchunguzi ambao adhabu ya kifo iliupata.

Adhabu hii haikuwa na mzizi katika desturi za eneo linalojadiliwa. Kwa Wamaasai, mauaji yalizua deni baina ya koo, na deni hilo lililipwa kwa ng'ombe. Idadi inayotajwa kwa kawaida ni ng'ombe 49. Kwa Wairaqw wa Mbulu na Karatu, wazee walikuwa na silaha ya laana, na aliyekataa kuwasikiliza aliweza kufukuzwa katika nchi yao. Haifai kuupamba utaratibu huo. Fidia ya Kimaasai iliwahusu kwanza wanaume, na uhai wa mwanamke haukupewa uzito uleule. Naye aliyefukuzwa alipoteza ardhi pamoja na ulinzi wa ndugu. Hata hivyo, desturi zote mbili zilikuwa na hatua ya mwisho. Ng'ombe walipokwisha kulipwa na utakaso kufanyika, deni lilifungwa, na watu waliohasimiana waliweza tena kuchunga pamoja.

Utawala wa Kiingereza ulileta wazo jingine. Katika miaka ya 1920 Tanganyika ilitumia Kanuni ya Adhabu ya India, ambayo ilikuwa na adhabu ya kupelekwa uhamishoni maisha. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930 ikaja na kifungo cha maisha kama adhabu ya juu kabisa ya makosa kadhaa, likiwemo la kuua bila kukusudia, huku kuua kwa kukusudia kukibaki na adhabu moja tu ya lazima, yaani kunyongwa. Mahakama za wenyeji hazikuruhusiwa kusikiliza kesi za mauaji. Fidia ya ng'ombe haikufa, ila ilisukumwa nje ya mahakama: ukoo uliweza kulipa na bado ndugu yao akafungwa, kwa kuwa Serikali haikuwa sehemu ya mapatano hayo. Huo ndio mpasuko ambao sheria ya baada ya uhuru iliurithi bila kuuziba.

Kwa muda mrefu kifungo cha maisha kilibaki kivulini mwa kitanzi. Kilijitokeza waziwazi mwaka 1994, katika shauri la Mbushuu lililosikilizwa na Mahakama Kuu mjini Dodoma. Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba kwa kuwa ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu. Badala yake aliwapa washtakiwa kifungo cha maisha. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kunyonga ni ukatili, lakini ikasema Ibara ya 30(2) inauruhusu kwa maslahi ya umma. Hukumu hizo mbili zimechambuliwa mno na wanasheria, na inastahili hivyo. Lisiloulizwa sana ni jambo dogo lililomo ndani yake: jaji aliyeandika kwa uchungu kuhusu mateso ya kungojea kifo hakuona haja ya kueleza kifungo kisicho na tarehe ya mwisho kinatekelezwaje, wala nani atakipitia upya. Kilichukuliwa kuwa ni unafuu, na suala likaishia hapo.

Marais waliofuata waliendeleza mtazamo huo. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa Tanzania, lakini mahakama ziliendelea kutoa hukumu ya kifo kwa kuwa sheria haikuziachia hiari. Msongamano wa waliokuwa wakingoja ulipunguzwa kwa kuwabadilishia adhabu. Rais Benjamin Mkapa na Rais Jakaya Kikwete walifanya hivyo kwa makundi makubwa. Desemba 2020 Rais John Magufuli aliwabadilishia wafungwa 256 kwa mkupuo. Wakati huohuo Bunge lilifungua chanzo cha pili. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo cha maisha kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka kumi. Hapa lengo lilikuwa kuwalinda watoto, na ni lengo ambalo hakuna mtetezi makini wa haki za binadamu anayelipinga. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba kundi la wafungwa wa maisha lilianza kuongezeka kutoka pande mbili, bila mtu kubuni njia ya kulishughulikia.

Hapo ndipo panapohitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Mfungwa wa kawaida Tanzania anaweza kupunguziwa theluthi moja ya kifungo kwa tabia njema na bidii ya kazi. Wa maisha hapati punguzo hilo, na kwa kweli theluthi ya muda usiojulikana haihesabiki. Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 nayo ilimwacha nje. Mlango uliobaki ni msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Msamaha huo hutolewa katika sikukuu za kitaifa, na tangazo lake kwa kawaida huwa na orodha ya wasiohusika. Miongoni mwa wanaotajwa mara kwa mara ni hao hao wanaotumikia kifungo cha maisha. Mlango upo, basi, lakini wanaouhitaji kuliko wengine ndio huambiwa usiwahusu.

Siku moja mlango huo ulifunguka kwa kishindo. Tarehe 9 Desemba 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Aliwaachia huru pia watu 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa, pamoja na mwanamuziki Nguza Viking na mwanawe Johnson Nguza, waliofungwa maisha mwaka 2004 kwa kosa la kubaka watoto. Wapo walioshangilia na wapo watetezi wa watoto walioumia. Pande zote mbili zilikuwa na sababu, maana uamuzi haukuambatana na maelezo yoyote ya kupimwa: ikiwa ni urekebishaji wa mfungwa, ulithibitishwa na nani; ikiwa ni shaka juu ya hukumu, mbona haukupitia mahakamani; na waathirika walisikilizwa wapi? Miezi michache baadaye, Machi 2018, Mahakama ya Afrika iliamua kwamba baadhi ya haki zao za kusikilizwa kwa usawa zilikiukwa, bila kuwatangaza kuwa hawana hatia. Jambo lililohitaji utaratibu lilikuwa limekwisha kumalizwa na hotuba.

Tofauti na hali ya kituo cha Umoja wa Mataifa pale Kisongo inagusa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliwafunga maisha watu waliopatikana na hatia ya mauaji ya kimbari, miongoni mwao aliyekuwa waziri mkuu, Jean Kambanda, na aliyekuwa meya wa Taba, Jean-Paul Akayesu, wote mwaka 1998. Walipokuwa Arusha kila mmoja alikuwa na chumba chake. Desemba 2001 walihamishiwa Mali kutumikia adhabu. Chombo kilichorithi kazi ya mahakama hiyo, chenye tawi lake Lakilaki kwenye barabara ileile, kinafuata msimamo uliowekwa mwaka 2015 kwamba mfungwa wa maisha anaweza kufikiriwa baada ya miaka 30. Kufikiriwa si kuachiliwa, na wengi waliokataliwa wanajua hivyo. Ila inakuwa vigumu kueleza kwa nini aliyehukumiwa kwa kuangamiza watu ana tarehe ya kupitiwa upya, ilhali mchungaji wa Endulen aliyeua katika ugomvi wa malisho hana.

Kwa familia za Karatu na Ngorongoro suala hili lina upande wa umbali. Kutoka Karatu hadi Arusha ni takriban kilomita 140. Kutoka Loliondo ni safari ya siku nzima. Mfungwa wa muda mrefu anaweza kuhamishiwa Isanga, Maweni, Butimba au Ukonga. Kanuni za Mandela za mwaka 2015 zinataka mfungwa awekwe karibu na kwao kadiri iwezekanavyo, na kwa jamii ambayo upatanisho wake hufanywa na ukoo mzima, mfungwa asiyetembelewa hawezi hata kuketi katika kikao kinachomhusu. Mashtaka ya Loliondo ya mwaka 2022 yalionyesha jinsi eneo hili lilivyo karibu na adhabu hizi. Baada ya askari polisi kuuawa wakati wa uwekaji wa mipaka ya ardhi, zaidi ya watu 20, wakiwemo viongozi wa kata, walishtakiwa kwa mauaji. Novemba mwaka huo mashtaka yaliondolewa. Yasingeondolewa na wakatiwa hatiani, sheria ilitoa kitanzi, na mazoea yangewapa maisha.

Nchi jirani hazijatulia pia. Uganda iliamua mwaka 2011, katika shauri la Tigo, kuwa maisha ni maisha yote ya mtu. Mahakama ya Rufani ya Kenya iliyoketi Malindi ilitamka mwaka 2023 kwamba kifungo kisicho na ukomo kinakiuka Katiba. Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo Aprili 2025.

Tanzania ilikubali mwaka 2010 watu binafsi waishtaki katika Mahakama ya Afrika, na wengi waliofanya hivyo walikuwa wafungwa. Novemba 2019, siku chache kabla ya mahakama hiyo kuamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi, Serikali iliondoa tamko lake. Uondoaji ulianza kutumika tarehe 22 Novemba 2020. Waliokwisha kufungua mashauri waliendelea kusubiri. Aliyefungwa maisha baada ya hapo, hata akiwa Kisongo, anabaki na barua moja ya kuandika, nayo huelekezwa kwa Rais.