Kutoka ua la pareto hadi mayai ya sumu

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuingie bandani. Ndiyo, banda la kuku! Wengi wetu mjini yai tunakutana nalo likiwa tayari kwenye chipsi. Nyuma yake kuna vita ya miaka mingi kati ya mfugaji na wadudu: inzi kwenye kinyesi, chawa na viroboto mwilini mwa kuku, utitiri kwenye nyufa za mbao.

Bibi zetu walitumia majivu. Kwa kuku kumi wanaoshinda nje wakioga vumbi, ilitosha. Mambo yalibadilika tulipoanza kufungia mamia ya kuku chini ya paa moja. Penye joto na kinyesi kibichi, yai la inzi huwa inzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10 tu.

Dunia ikakimbilia sumu, na Afrika Mashariki tumo kwenye historia hiyo. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Japani ndiyo iliyoongoza kwa pareto. Vita ilipokata biashara ile, pareto ya Kenya ikawa lulu. Tanganyika nayo ililima, na Mafinga bado inajulikana kwa zao hilo. Ua hili huangusha mdudu haraka, ila jua hulimaliza nguvu mapema.

Ikaja DDT. Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, akapata Nobel mwaka 1948. Lakini wakati anapewa tuzo, tayari Ulaya kulikuwa na inzi wasioisikia! Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake Uingereza wakatengeneza permetrini, nakala ya sumu ya pareto inayovumilia jua. Nayo ikazaa wadudu sugu.

Somo halikueleweka. Mwaka 2017 iligundulika kwamba mabanda ya Uholanzi na Ubelgiji yalipuliziwa fipronili kuua utitiri, dawa isiyoruhusiwa kwa mifugo wa chakula. Mamilioni ya mayai yakateketezwa. Na hao ni watu wenye maabara kila kona...

Sasa twende Matongo, kule Nyamongo, Tarime. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Penye mgodi pana mama lishe, na penye mama lishe mayai yanatakiwa. Watu wa kule wanaijua hofu ya sumu: mwaka 2009 maji ya mgodini yalipovuja kuelekea mto Tigithe, nchi nzima ilisikia kelele zao. Walikuwa na haki ya kupiga kelele.

Ila sumu ya yai haina mto wa kuunyooshea kidole. Mfugaji akipulizia kuku dawa ya pamba au ya nyanya, nani atajua?

Na dawa kubwa ni ya bure. Funza wa inzi wanataka unyevu: ziba chombo cha maji kinachovuja, geuza maranda yakauke, ondoa kinyesi kila wiki. Utitiri hujificha mchana kwenye nyufa: ziba nyufa, pitisha moto mabanda yakiwa matupu. Sumu iwe ya mwisho, iliyosajiliwa kwa kuku, na mayai yasiuzwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko zipite.

Miaka themanini ya sumu imeturudisha kwenye ufagio wa bibi. Naomba kutoa hoja.